Mrithi aliyefichwa, na ule ushahidi ambao hakuna anayeukagua

Stori unaijua hata kama hujawahi kugusa kitabu cha fantasia. Kuna kijana kijijini, yatima, anachunga nguruwe au anafua vyuma kwa mjomba ambaye wala sio mjomba wake, ana alama fulani mwilini na kuna kitu cha zamani kimefungwa kwenye kitambaa kiko uvunguni mwa kitanda, siku moja anatokea mzee mwenye ndevu anamwambia wewe bana sio wa hapa, wewe ni mtoto wa mfalme, na kurasa zote zinazobaki ni safari ya kumfikisha kwenye kiti chake. Fantasia ya vichekesho imemcheka huyu kijana miaka mingi sana, na wengi wanaamini utani wenyewe ni mmoja tu, kwamba mrithi anageuka kuwa bwege. Mi naona hapo ndo watu wanapopotea. Bwege kuvishwa taji ni kichekesho cha dakika tano, hakibebi kitabu kizima. Kinachobeba kitabu ni swali ambalo karani yeyote angeuliza kabla hajagonga muhuri: nani kathibitisha?

Kwanza tufungue fundo, maana chini ya hili jina la "mrithi aliyefichwa" watu wanarundika stori nne tofauti. Kuna mrithi asiyejijua, huyo wa nguruwe. Kuna anayejijua ila kajificha, anazurura na nguo chakavu akisubiri wakati wake. Kuna watoto waliobadilishwa wakiwa wachanga. Na kuna tapeli anayejifanya mrithi. Ukisikia mtu anamtaja Aragorn wa The Lord of the Rings ya Tolkien (vitabu vilitoka 1954 na 1955) kama mfano wa wa kwanza, mwambie amekosea kidogo, Aragorn aliambiwa ukoo wake akiwa na miaka 20, wasiojua ni wale hobiti, watu wafupi wa humo kitabuni, anaokutana nao kwenye baa, na sisi wasomaji. Fantasia ya kawaida huchagua stori moja kati ya hizi nne na kuishika mpaka mwisho. Ya vichekesho huziingiza zote nne chumba kimoja halafu inafunga mlango.

Asili yake ni ya kale mno. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki, karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia habari za Koreshi wa Uajemi, kwamba babu yake aliota ndoto mbaya akaamuru mtoto auawe, mtoto akaishia kulelewa na mchungaji. Alipofika miaka 10 watoto wenzake kijijini wakawa wanacheza mchezo wa ufalme, wakamchagua yeye awe mfalme, na kijana mmoja wa familia ya wakubwa alipokataa amri zake Koreshi akaagiza achapwe, tena akachapwa kweli. Baba wa yule kijana akaenda kushtaki kwa mfalme, mfalme akamtazama huyu mtoto wa mchungaji anavyojibu bila kutetemeka, akaanza kushtuka. Hebu angalia ushahidi uliotumika hapo. Mtoto ana kiburi na anapenda kuchapa wenzake, basi lazima atakuwa wa kifalme. Ukiisoma hivyo ni komedi tayari, Herodotus hakuhitaji kuongeza kitu.

Wasomi wameshaichambua sana. Otto Rank, mtaalamu wa saikolojia, aliandika kuhusu kuzaliwa kwa shujaa mwaka 1909, na mwaka huohuo mwenzake Freud akaandika kwamba watoto wengi hufika mahali wanawaza hawa sio wazazi wangu, wazazi wangu halisi ni watu wakubwa na siku moja watakuja kunichukua. Lord Raglan naye mwaka 1936 akatoa orodha ya vipengele 22 vya maisha ya shujaa wa ngano na kuwapimia kina Oedipo, Musa na Arthur. Kwa hiyo stori haidumu tu kwa sababu waandishi ni wavivu, inakwaruza mahali ambapo karibu kila mtu aliwahi kuwashwa akiwa na miaka saba na kafokewa na mama yake.

Ila kuna mtu aliyeligusa hili la ushahidi mapema kuliko wote, naye ni Aristotle. Alipoandika kuhusu tamthilia alipanga njia ambazo wahusika hutambuana, na ile ya kutambuana kwa alama za mwilini, makovu, mikufu na vitu vya aina hiyo akaiona ndo ya kiwango cha chini kabisa, inatumiwa na mtunzi aliyeishiwa. Hiyo ni karne ya 4 kabla ya Kristo. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye bado tunaletewa alama yenye umbo la taji.

Sasa njoo kwenye wachekeshaji. Mwaka 1878 huko London Gilbert, mwandishi, na Sullivan, mtunzi wa muziki, walipandisha jukwaani opera yao ya vichekesho, H.M.S. Pinafore. Hakuna mfalme humo, ila mashine ni ileile. Baharia wa kawaida anampenda binti wa kapteni, na haiwezekani kwa sababu ya tabaka. Mambo yakishaharibika kabisa, mama mmoja anayewauzia mabaharia vitu vidogovidogo, Buttercup, anakiri kwamba zamani alikuwa mlezi wa watoto wachanga na aliwahi kuchanganya wawili, kwa hiyo kapteni ndo mtoto wa hali ya chini na baharia ndo wa ukoo bora. Papo hapo wanabadilishana vyeo, kapteni anakuwa baharia na baharia anakuwa kapteni, kila mtu anaimba. Haya, piga hesabu. Kama wale wawili walikuwa wachanga kwa mlezi mmoja, wakati mmoja, basi baharia ana umri wa baba mzazi wa mchumba wake! Hakuna hata mmoja jukwaani anayeipiga hiyo hesabu. Mama kasema, imetosha, harusi iendelee.

Mwaka 1889 wakarudi na The Gondoliers na safari hii ni mfalme kabisa. Mtoto wa mfalme wa Barataria aliibwa akiwa mchanga akapelekwa Venice akakabidhiwa kwa mwendesha mitumbwi mmoja, ambaye alikuwa na mtoto wake wa rika lilelile na alikuwa mlevi, akafika mahali hajui tena yupi ni yupi, halafu akafa. Kwa hiyo kuna vijana wawili, mmoja wao ni mfalme, na mpaka yaya aliyemnyonyesha apatikane wanaamriwa watawale kwa pamoja kama mtu mmoja. Wote wawili ni watu wanaopinga wafalme, wanaamini usawa. Wanaupeleka usawa ikulu na matokeo yake wafalme ndo wanaoamka alfajiri kuwasha moto na kung'arisha mataji. Afu wote wameshaoa, na mfalme halisi alishaozeshwa akiwa mtoto mchanga kwa binti wa watu, ina maana mmoja wao ana wake wawili na hajui kama ni yeye. Yaya anapokuja hatimaye anasema wala sio hawa, mimi walipokuja wezi niliwapa mwanangu, mfalme ni yule mpiga ngoma pale. Unaona mchezo? Ushahidi wote wa ufalme mzima umening'inia kwenye kumbukumbu ya mama mmoja, na yeye mwenyewe ndo aliyedanganya mwanzo.

Kwenye muvi ya The Court Jester ya 1955 wameipunguza mpaka mfupa. Mrithi halali ni kitoto kichanga, na alama yake ya kifalme, ua la zambarau, iko kwenye makalio. Waasi wakitaka kuthibitisha kiapo chao inabidi nepi ishushwe, wababe na mapanga yao wanainama kwa heshima zote mbele ya tako la mtoto. Ukishaona hiyo ni ngumu sana kusoma tena habari ya alama begani bila kucheka.

Na usidhani wanatia chumvi. Historia yenyewe ina mambo ambayo mhariri angeyakata akisema hayaaminiki. Urusi mwaka 1605 alitawazwa mtu aliyedai ni Dmitri, mwana wa Ivan wa Kutisha, ambaye kila mtu alijua amekufa akiwa mtoto mwaka 1591. Wakamleta mama yake Dmitri, mama akamtazama, akasema ndiye, mwanangu huyu. Mwaka uliofuata yule mtu akauawa, na mama huyohuyo akasema hapana, sikuwahi kumjua. Imeisha? Haijaisha, akatokea Dmitri wa pili, na mke wa yule wa kwanza akamkubali kuwa ndo mume wake. Baadaye akaja wa tatu! Uingereza nako, 1487, kijana mdogo anayeitwa Lambert Simnel alivishwa taji huko Dublin kwa madai kwamba yeye ni Earl wa Warwick, mtu wa ukoo wa kifalme, wakati Warwick mwenyewe yuko hai, kafungwa London, na Henry VII akamtoa akamtembeza hadharani watu wamwone. Jeshi la Simnel lilipigwa, na mfalme badala ya kumchinja kijana akampeleka jikoni kwake awe mgeuza nyama motoni. Sijasoma komedi iliyomaliza mrithi kwa adabu kuliko hiyo.

Ufaransa ndo usiseme. Mtoto wa Louis XVI alikufa gerezani mwaka 1795, baada ya hapo wakajitokeza watu kibao kila mmoja akidai ndo yeye, na suala la kwamba kweli alikufa lilikuja kufungwa na vipimo vya DNA ya moyo uliohifadhiwa, mwaka 2000. Mark Twain aliwachukua hao wadai akawaweka kwenye riwaya yake ya Huckleberry Finn, juu ya chelezo anachosafiria kijana Huck mtoni, matapeli wawili, mmoja anaanza kulia kwamba yeye ni duke kadhulumiwa haki yake, mwenzake anatafakari kidogo kisha naye analia, yeye ndo mfalme wa Ufaransa aliyepotea. Kapandisha dau tu. Huck anagundua mapema kuwa ni waongo ila ananyamaza, maana ukibishana na watu wa namna hiyo unajitafutia ugomvi bure.

Turudi kwenye fantasia yenyewe sasa, na hapa siwezi kumkwepa Terry Pratchett, mwandishi wa fantasia ya vichekesho, kwa sababu alilichukua hili swali akalitafuna kwa vitabu kadhaa mfululizo na kila kimoja kikajibu tofauti. Mji wake wa Ankh-Morpork hauna mfalme, wa mwisho alikatwa kichwa zamani, mji unaongozwa na dikteta mpole anayeitwa Vetinari ambaye kazi yake anaiweza kupita kiasi. Kwenye kitabu cha 1989 anaingia kijana anaitwa Carrot, ana urefu wa zaidi ya futi sita na anaamini kabisa kuwa yeye ni mbilikimo, kwa sababu kalelewa na mbilikimo mgodini. Ana alama yenye umbo la taji. Ana upanga wa zamani. Watu wanamtii bila kujua kwa nini. Yaani kila kisanduku cha fomu kimejazwa, na kijana anakuja mjini kufanya nini? Kujiunga na polisi wa usiku, genge la walevi watatu.

Wakati huohuo kuna kikundi cha siri kinataka kurudisha ufalme. Ukisikiliza sababu zao utacheka, wote wana malalamiko madogomadogo ya majirani na mashemeji, na kila mmoja anaamini mfalme akirudi atayashughulikia hayo ya kwake kwanza. Kiongozi wao ana mpango: tuite joka, joka litishe mji, atokee kijana mtanashati ajifanye kaliua, tumvishe taji tumtawale sisi. Wanaandaa mrithi bandia mwenye vigezo vyote vya nje, na mji unampokea kwa shangwe bila mtu hata mmoja kuomba kuona karatasi. Joka linarudi siku ya kutawazwa, linamchoma, halafu linakaa lenyewe kwenye kiti. Na mji unalizoea! Hapo Pratchett haongelei joka, anaongelea ile njaa ya watu ya kupiga magoti. Mwishoni polisi wanaulizwa wanataka zawadi gani kwa kuuokoa mji. Wanaomba nyongeza ya dola 5, birika, na ubao wa kurushia vishale. Mrithi wa kiti cha enzi amesimama palepale pamoja nao.

Kwenye kitabu cha 1993 kuna mtu anafanya kitu ambacho fantasia ya kawaida haijawahi kukihitaji, anafanya utafiti. Anakusanya makaratasi, picha, ukoo, na kugundua kwamba Carrot ndiye. Kwa mara ya kwanza ushahidi upo na ni mzuri. Sasa mwandishi anaufanyaje? Makaratasi yanapotea, na dalili zote zinaonyesha aliyehakikisha yamepotea ni Carrot mwenyewe. Hata upanga wake, upanga wa wafalme, hauna uchawi hata chembe, ni mkali tu, wa kazi. Kwenye kilele anamchoma nao muuaji na ncha inapenya mpaka ndani ya nguzo ya mawe nyuma yake, na hapo kitabu kinakumbusha kwamba kila mtu anamsifia aliyechomoa upanga kwenye jiwe, hakuna anayemfikiria aliyeuchomeka. Kisha Carrot anaenda kwa Vetinari na orodha ya mahitaji ya polisi. Vetinari anajua. Carrot anajua kwamba Vetinari anajua. Wanaongelea mishahara. Ukiniuliza mimi hiyo ndo sehemu bora kuliko zote kwenye historia nzima ya huu mchezo, mfalme halali na mtawala wa sasa wamekaa ofisini na hakuna anayetamka neno lenyewe, na mji unaendelea kutembea kwa sababu hawatamki.

Kitabu cha 1996 kinageuza shingo tena. Mkuu wa ofisi ya nembo na koo, ambaye ni vampaya, anataka mfalme wa kumchezea. Anamjua Carrot vizuri, ila anamruka makusudi, kwa sababu Carrot ana mpenzi na mpenzi ni mtu-mbwamwitu, na mtaalamu wa koo hawezi kuvumilia damu hiyo iingie kwenye vitabu vyake. Anaamua kumtengeneza mrithi mwingine, Nobby, polisi ambaye inabidi atembee na cheti kinachothibitisha kuwa ni binadamu. Wakubwa wa mji wanamwita kwenye sherehe wanamdokezea kwamba angefaa sana kuwa mfalme. Nobby anaogopa na kukataa, kwa sababu bosi wake Vimes atakasirika. Huyo Vimes ni wa ukoo wa yule aliyemkata kichwa mfalme wa mwisho, kwa hiyo hofu ina msingi. Angalia lakini ngazi tuliyopanda hapa. Kwanza hakuna anayekagua, kisha kuna aliyekagua na ushahidi ukafichwa, sasa mkaguzi mwenyewe ndo mhalifu. Ukoo ni faili, na anayeshika faili anaamua nani ni damu ya nani.

Kuna jambo jingine ambalo hupitiwa haraka, nalo ni kwamba mrithi hatakiwi kuulizwa kama anataka. L. Frank Baum aliligusa mwaka 1904 kwenye kitabu chake cha pili cha Oz. Kijana Tip anaambiwa kwamba mrithi anayetafutwa ni yeye, na zaidi ya hapo yeye ni msichana, binti Ozma aliyegeuzwa kwa uchawi akiwa mdogo. Tip anajaribu kujadiliana, anasema labda nijaribu kwa muda nikishindwa mnirudishe nilivyokuwa, anaambiwa haiwezekani. Kitabu ni cha watoto, kinachekesha, ila hicho kipande kina baridi yake. Lloyd Alexander naye kwenye siriz yake ya Prydain alimpeleka Taran, mlinzi msaidizi wa nguruwe, akatafute wazazi wake kitabu kizima (1967), na hapati kitu. Anakuwa mfalme kwenye kitabu kinachofuata bila ukoo wowote kujulikana. Diana Wynne Jones yeye mwaka 1996 aliandika mwongozo wa mzaha wa kutembelea nchi za fantasia, na warithi waliopotea wana sehemu yao kabisa, kwa sababu ukiingia kwenye hizo nchi karibu nusu zimempoteza mwana wa mfalme wakati wowote ule.

Ninachokilalamikia kwenye vichekesho vingi vinavyofuata nyayo hizi ni ule ujanja wa mwishoni. Mwandishi anamcheka mrithi kurasa zote, anatuambia damu si kitu, halafu karibu na mwisho anamtoa mtu mwingine kabatini, mpishi sijui nani, ambaye kumbe ndo mwenye damu halisi, na anavishwa taji tunapiga makofi. Hapo umekataa fomula kwa mdomo ukaitii kwa mkono.

Kulikwepa hilo ni kazi, na Wyrd Sisters ya 1988, ya Pratchett huyohuyo, inaonyesha namna moja. Mfalme wa Lancre anauawa, wachawi watatu wanakabidhiwa mtoto mchanga na taji. Mtoto wanawapa waigizaji wa kusafiri, na taji wanalitupia kwenye sanduku la mataji ya maigizo, ambamo linaonekana feki kuliko yote. Mtoto, Tomjon, anakua kuwa mwigizaji hodari, anaweza kuigiza mfalme kuliko mfalme yeyote aliyewahi kuishi, na akipewa ufalme wenyewe anaukataa, kwa sababu ana kazi nzuri zaidi. Basi nani? Wachawi wanamnyooshea kidole mchekeshaji wa ikulu, wanasema tazameni sura, huyu na Tomjon ni ndugu wa baba mmoja. Watu wanaangalia, wanafananisha pua, wanakubali, wanadhani mfalme marehemu alikuwa anatembea nje ya ndoa. Ndugu ni kweli. Ila baba waliyechangia sio mfalme, ni mchekeshaji wa zamani, na aliyekuwa anatembea nje ni malkia. Kwa hiyo hakuna hata tone la damu ya kifalme, si kwa Tomjon, si kwa huyu mpya. Wachawi wakubwa wawili wanajua, hawasemi uongo wowote, wanaacha tu watu wafikirie wanachotaka.

Mchekeshaji anakuwa mfalme Verence. Vitabu vinavyofuata vinamkuta bado yupo, anajisomea mambo ya kilimo bora usiku na mchana, anawaelezea wakulima wa Lancre namna ya kupokezanisha mazao shambani, wanamsikiliza kwa heshima zote kofia mkononi, kisha wanarudi kulima walivyokuwa wanalima.